Maji ya moto pasipo nguzo ya umeme: hita ipi kwa nyumba ya Arusha au Moshi

Uniti moja ya umeme hupasha lita 34 za maji kutoka nyuzi 15 hadi nyuzi 40. Joto hilo liwe limetoka kwenye betri, kwenye jua, kwenye mtungi wa gesi au kwenye kisiki cha mti wa kahawa, hesabu haibadiliki. Ishike kichwani kabla hujaingia dukani, maana kwa nyumba isiyofikiwa na nguzo za TANESCO, hita isiyofaa inakuzimia taa, friji na pampu kwa mpigo mmoja.

Kanuni yenyewe ni fupi. Chukua lita unazotaka, zidisha kwa nyuzi unazotaka kupandisha, gawanya kwa 860. Jibu ni uniti. Maji ya kuoga yanayomridhisha mtu mzima ni ya nyuzi 40 hivi. Tanki la nje huko Ngaramtoni au Monduli Juu, asubuhi ya Julai, chukulia maji yake yana nyuzi 15. Moshi mjini, ambako ni chini zaidi, chukulia 20 hadi 22, ila ukipanda Kibosho, Uru au Marangu rudi kwenye hesabu ya Arusha. Kama unaweza kupima, usikisie: chota ndoo tankini saa 12 asubuhi, mwezi wa saba, tumbukiza kipimajoto. Mfumo mzima upimwe kwa mwezi huo. Januari hata bomba jeusi lililolala juu ya bati linakupa maji ya moto, kwa hiyo hita inayosifiwa Januari bado haijathibitisha chochote.

Tuchukue familia ya watu watano. Kila mmoja akioga lita 30 kwa shawa, ni lita 150 mara nyuzi 25, yaani uniti 4.4 kwa siku. Wakioga kwa ndoo na kopo, lita 15 kila mmoja, ni uniti 2.2. Vyombo vya jikoni, lita 20 za nyuzi 50, vinaongeza 0.8. Sasa tazama betri ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100, ambayo nyumba nyingi za sola zinaanzia: ikijaa pomoni ina uniti 5.1. Familia ikishaoga na vyombo vikaoshwa, betri imekwisha, na jua ndiyo kwanza linazama.

Shawa ya umeme ya papo kwa papo, ile inayofungwa kwenye mdomo wa bomba la bafuni, ndiyo ya kuondoa kwenye orodha mapema. Ya wati 5,500 inavuta ampea 24. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, ikiwa ya kilowati 5 italia kengele na kuzima. Ya kilowati 3 haitaiwasha kabisa. Hata ukiwa na inveta kubwa, wati 5,500 zinapandisha lita 3 tu kwa dakika kwa nyuzi 25, kwa hiyo asubuhi ya baridi fundi atakwambia punguza maji, na utaoga chini ya uzi mwembamba wa maji. Mjini inavumilika kwa sababu gridi ina mgongo mpana. Kwenye sola ya nyumbani usiinunue, hata ya wati 3,500, hata kama inauzwa bei ya kutupa.

Joto likae kwenye maji, lisikae kwenye betri

Tanki la lita 200 lililofunikwa vizuri, likipandishwa kutoka nyuzi 15 hadi 60, limebeba uniti 10.5. Hizo ni betri mbili za lithiamu na zaidi, ndani ya chombo ambacho hakina elektroniki, hakihesabu mizunguko ya kuchaji, na kinadumu miaka mingi kikitunzwa. Ndiyo maana nyumba isiyo na gridi inapaswa kuwaza tanki kwanza, kisha ndipo iwaze moto wa kulipasha. Maji ya nyuzi 60 ukiyachanganya na ya baridi ya nyuzi 15 ili upate 40, lita 83 tu za moto zinatosha zile lita 150 za familia yetu. Tanki la lita 150 linawavusha siku nzima na kubakiza kidogo. La 200 linawavusha na siku moja ya mawingu.

Kwa nyumba nyingi za mikoa hii miwili, hita ya jua ya mirija ya glasi yenye tanki juu yake ndiyo ya kuanzia. Haina pampu wala waya. Maji kwenye mrija yakipata moto yanakuwa mepesi, yanapanda tankini. Ya baridi yanashuka kuchukua nafasi yake. Mrija wa kawaida una kipenyo cha milimita 58 na urefu wa milimita 1,800, ni glasi mbili, moja ndani ya nyingine, na katikati hakuna hewa. Siku ya jua safi mrija mmoja hukupa kama theluthi ya uniti. Siku ya mawingu mazito hesabu 0.1, na mara nyingine hata hiyo haifiki.

Hapo ndipo tofauti ya mahali inapoingia. Wauzaji wengi wanafuata kipimo cha lita 10 kwa kila mrija: mirija 20, tanki la lita 200. Upande wa Kisongo, Monduli ya chini au Boma Ng'ombe, kwenye anga kavu, kipimo hicho kinafaa. Miteremko ya kusini ya Meru na Kilimanjaro ni habari nyingine. Kuanzia Juni mpaka Agosti wingu linalala juu ya migomba siku tatu mfululizo. Mirija 20 ikikupa uniti 2 kwa siku, lita 200 zinapanda nyuzi 9 pekee, na maji ya nyuzi 24 hayaogeki Machame mwezi wa saba. Huko chukua lita 7 au 8 kwa kila mrija, yaani mirija 20 kwa tanki la lita 150. Na weka akiba ya moto wa aina nyingine, nitaifikia. Usijaribu kuyashinda mawingu kwa kuongeza mirija tu, kwa sababu Februari maji hayo hayo yatachemka. Kwenye mwinuko wa Arusha maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na mvuke lazima uwe na pa kutokea.

Uelekeo ni jambo ambalo mafundi wengi wanalikosea. Arusha na Moshi ziko kusini mwa ikweta, nyuzi 3 na kitu. Mwezi wa sita jua la mchana linapita upande wa kaskazini, kama nyuzi 27 kutoka utosini. Kwa hiyo hita iangalie kaskazini, mlalo wa nyuzi 20 hadi 25, na msimu wa baridi itapokea jua karibu uso kwa uso. Fremu nyingi zinazoingia nchini zimekatwa kwa nyuzi 45, kipimo cha nchi za mbali na ikweta. Ikiangalia kaskazini, fremu hiyo bado inafanya kazi Juni, ila Machi na Septemba inapoteza karibu robo ya jua la mchana, na inashika upepo kama tanga. Mwambie mchomeleaji afupishe miguu ya nyuma. Kinachoua kabisa ni kuigeuza kusini kwa sababu upande huo wa paa ndio unaoonekana vizuri barabarani: Juni saa 6 mchana inapata chini ya theluthi ya jua ambalo ingepata.

Na kama paa lina mashariki na magharibi tu? Jenga mnara wa chuma pembeni, au chagua magharibi. Msimu wa baridi Arusha mara nyingi inaamka imefunikwa na wingu, jua linachomoza baada ya saa 5 au 6. Upande wa mashariki unakuwa umekosa zamu yake. Angalia pia vivuli. Mgrevilia mmoja unaokinga jua la saa 8 mchana unaweza kula robo ya joto la siku, na mparachichi uliosimama juu ya paa unaleta kivuli pamoja na matunda yanayodondokea glasi.

Uzito usiuchukulie kijuujuu. Maji ya lita 200 ni kilo 200, weka tanki na fremu, unakaribia kilo 270. Kenchi za mbao za mbili kwa nne zilizopigwa kwa ajili ya bati hazikupangwa kwa mzigo huo. Miguu ya fremu ikae juu ya ukuta, au mbao za kuongezea zipite chini zikaegemee kuta mbili.

Mahali inapoharibikia

Kuna aina mbili za hita hizi, na kuzichanganya ndiko kunakoleta hasara. Ya bei nafuu haina presha: mirija imechomekwa moja kwa moja tankini ikazibwa na pete ya silikoni, na tanki lina tundu la hewa juu. Ya pili ina presha: ndani ya kila mrija kuna fimbo ya shaba inayobeba joto hadi kichwa kilichoingia tankini, na maji hayaingii kwenye glasi kabisa. Ya kwanza mrija mmoja ukivunjika, tanki zima linamwagika kwenye paa. Ya pili mrija ukivunjika unaendelea kuoga, unanunua mwingine ukipata nafasi. Lakini ya pili ni ghali zaidi, na kwa nyumba yenye tanki la maji juu ya mnara na presha ndogo, ya kwanza inatosha kabisa ikifungwa kwa akili.

Hiyo akili ni hii. Hita isiyo na presha inalishwa na tanki dogo lenye boya, lililokaa sawa na tanki la moto au juu yake kidogo. Maji ya baridi ya bafuni nayo yashuke kwa uzito wake, yasisukumwe na pampu ya presha. Ukiunganisha maji ya baridi ya pampu na maji ya moto yasiyo na presha kwenye koki moja ya kuchanganyia, mtu akifungua pande zote mbili na kuziba mdomo wa shawa, baridi inasukuma moto kurudi juu, tanki linafurika kupitia tundu la hewa. Utaona michirizi ya maji kwenye bati na pampu inayowaka usiku bila sababu. Dawa ni valvu ya njia moja kwenye bomba la moto, au bora zaidi, baridi ya bafuni ichukuliwe kutoka kimo kile kile.

Kosa la pili ni la saa 7 mchana. Tanki kubwa limekauka kwa sababu pampu ya kisima haikuwashwa, hita nayo ikaisha maji, mirija ikabaki mitupu kwenye jua. Mrija mkavu hupita nyuzi 200. Maji yanarudi, boya linafunguka, maji ya nyuzi 18 yanakutana na glasi hiyo, na inapasuka, mara nyingine mirija mitano kwa pamoja. Weka koki ya mkono kabla ya tanki dogo la boya. Maji yakikatika mchana, ifunge, na usiifungue mpaka jioni glasi ipoe. Kwa sababu hiyo hiyo ufungaji wa kwanza ujazwe maji alfajiri au jioni, kamwe si mchana, hata kama fundi ana haraka ya kurudi mjini.

Mrija wenyewe ukague kabla ya kulipa. Ncha yake ya chini ina rangi ya fedha inayong'aa kama kioo cha kujitazamia. Rangi hiyo ikiwa imegeuka nyeupe kama maziwa, hewa imeingia kati ya glasi mbili na mrija huo ni chupa tu. Utapata moto mchana na kuupoteza wote jioni. Fungua boksi, tazama ncha moja moja. Fanya hivyo pia kila mwaka ukiwa juu ya paa unaosha vumbi, kwa sababu mirija iliyokufa haivuji na hakuna atakayekwambia.

Bomba la kushusha maji ya moto lina mtego wake. PVC ya kawaida inalegea na kujipinda. PPR, plastiki ngumu ya maji ya moto, ile iliyoandikwa PN20, inavumilia nyuzi 70 kwa muda mrefu na 95 kwa vipindi vifupi tu. Hita ya mirija ina siku zake za kupita hapo, hasa mkisafiri na hakuna anayetumia maji. Mita moja na nusu au mbili za kwanza kutoka tankini ziwe za shaba au chuma cha mabati, ndipo PPR ifuate. Kama kuna watoto nyumbani, funga valvu ya kuchanganya inayojirekebisha kwenye nyuzi 45. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache.

Urefu wa bomba nao ni pesa. PPR ya milimita 25 inabeba lita 0.2 na ushee kwa kila mita. Bafu likiwa mita 15 kutoka kwenye hita, lita 3 za baridi zinamwagika kabla moto haujafika, kila mtu, kila siku. Kwenye nyumba inayovuna maji ya mvua hizo ni lita za kulilia. Tumia ya milimita 20 kwa bafu moja, weka hita juu ya bafu, usiiweke juu ya sebule, na vesha bomba sponji nyeusi. Sponji hiyo ikiachwa wazi juani inakuwa unga. Izungushie utepe wa aluminiamu.

Jambo la pembeni, lakini la afya: maji ya koki ya moto ni ya kuoga na kuoshea. Upande wa Maji ya Chai na Ngarenanyuki maji yana floridi nyingi, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floridi inayobaki inakuwa nzito zaidi. Ya chai na uji yachukuliwe kwenye mvua au kwenye maji yaliyochujwa kwa ajili hiyo.

Kama tayari una paneli nyingi

Nyumba yenye kilowati 3 za paneli au zaidi, ambayo betri inajaa kabla ya saa 6 mchana, inatupa umeme mchana kutwa bila kujua. Hapo sihimizi kununua hita ya jua tena. Nunua tanki la umeme la lita 80 au 100 lenye koili ndogo, yaani chuma cha umeme kinachopasha maji, na ulipashe kwa ziada hiyo. Lita 100 kutoka 15 hadi 60 ni uniti 5.2. Koili ya wati 1,000 inazimaliza kwa saa tano na kidogo, kwa utulivu, bila kuistua inveta. Ya wati 3,000, ambayo huja na matanki mengi, ni kubwa mno. Badilisha, au kama tanki lina nafasi ya koili mbili za wati 3,000, ziunganishe mfululizo, kila moja itapata nusu ya volti na zote mbili kwa pamoja zitatoa wati 1,500.

Kuiwasha kuna njia mbili. Rahisi ni saa ya kuwashia, kuanzia saa 5 hadi saa 9 mchana. Nzuri zaidi ni kutumia riliei ya inveta yenyewe, yaani swichi ndogo inayojiwasha na kujizima, inveta nyingi za sola zina vituo vya riliei pembeni, ukaipanga iwashe koili betri ikifika asilimia 95 na izime ikishuka 85. Riliei hiyo ndogo isibebe koili moja kwa moja. Iamrishe kontakta, swichi kubwa zaidi, ya ampea 25, na kontakta ndiyo ibebe mzigo. Saa ya kuwashia haijui kama leo kuna wingu, riliei inajua.

Kuna wanaochukua waya kutoka kwenye paneli na kuupeleka moja kwa moja kwenye koili, bila inveta. Koili haijali, itapata moto. Themostati, ile swichi inayokata umeme maji yakishapata moto wa kutosha, ndiyo inayojali. Imetengenezwa kwa umeme wa AC, ule wa gridi na wa inveta, ambao kila sekunde unapita sifuri mara mia. Themostati ikikata, cheche inakufa yenyewe. Umeme wa DC, huo wa paneli, haupiti sifuri. Cheche inabaki ikiwaka kati ya ncha mbili, ncha zinayeyuka na kushikana, na kuanzia hapo hakuna kinachozima koili. Maji yanachemka ndani ya tanki lililofungwa. Ukitaka njia hiyo, themostati iamrishe swichi ya elektroniki ya DC yenye uwezo wa volti za paneli zako, na valvu ya usalama iwe mpya na isiyozibwa.

Hiyo valvu ya usalama ya tanki la presha hudondosha maji kidogo wakati wa kupasha, na watu wanaiona mbovu, wanaifunga kwa plagi. Maji yakipanda kutoka nyuzi 18 hadi 60 yanatanuka karibu asilimia 1.6, tanki la lita 100 lenye valvu ya njia moja lazima litoe lita moja na nusu mahali fulani. Liache litoe. Liwekee kibomba cha kupeleka matone nje. Tanki lililozibwa halina pa kupumulia, na likipasuka linang'oa ukuta.

Na waya wa ethi. Kwenye inveta nyingi za nyumba zisizo na gridi, nyutro haijaunganishwa na ethi. Maana yake ile swichi ya kukata umeme unapovuja, uliyoilipia, haitakata koili ikitoboka bafuni kwako. Fundi umeme aunganishe nyutro na ethi mahali pamoja tu, kwenye ubao mkuu, kwa kufuata kitabu cha inveta, azamishe fimbo ya ethi ardhini, kisha abonyeze kitufe cha majaribio cha swichi hiyo mbele yako. Asikwambie tu kwamba ipo.

Pampu ya joto, ile hita yenye kikompresa kama cha friji, kwa hesabu inavutia: uniti 1 inakupa joto la uniti 3. Kwa hali ya hewa yetu ingefaa sana. Lakini bei yake ni kubwa na fundi wa gesi yake, ikivuja, hapatikani kijijini. Kwa nyumba ya wageni yenye vyumba kumi ningeifikiria. Kwa familia, hapana.

Akiba ya siku za mawingu

Gesi ndiyo safi zaidi. Kilo moja ya gesi ya kupikia ina joto la karibu uniti 12.8, na hita nzuri inaingiza asilimia 85 yake kwenye maji. Zile uniti 4.4 za familia ni kilo 0.4 kwa siku, hivyo mtungi wa kilo 15 unakaa kama siku 37 ukitumika peke yake. Ukiwa akiba ya siku za wingu tu, unakuvusha msimu mzima wa baridi.

Soma kibandiko cha hita ya gesi kabla ya kulipa, sehemu ya presha ya maji. Imeandikwa MPa 0.02? Hiyo ni mita 2 za kimo cha maji, na hapo hujahesabu msuguano wa mabomba. Tanki lililokaa juu ya bafu kwa mita moja na nusu halitausukuma mpira wa ndani ya hita, cheche ya kuwashia haitapiga, na fundi atabadilisha bure zile betri mbili za tochi zinazopiga cheche. Weka mita 4 au 5 kati ya tanki na hita, au pampu ndogo ya volti 12. Chukua hita ya lita 6 kwa dakika, inayokula karibu kilo 0.9 kwa saa. Ya lita 10 inakula kilo 1.5 na zaidi. Mtungi mdogo wa kilo 6 kwenye baridi ya asubuhi hauwezi kugeuza gesi kwa kasi hiyo, unaota barafu nje na moto unafifia ungali na gesi nusu.

Hita ya gesi ifungwe nje, ukutani, chini ya upenu, na bomba lake la moshi. Nasema nje, na namaanisha nje. Ndani ya bafu lililofungwa madirisha kwa ajili ya baridi inakula hewa na kutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu, na mtu anaanguka kabla hajajua ana shida gani. Kwenye mwinuko wa Arusha hewa ni nyepesi kuliko pwani kwa karibu asilimia 14, kwa hiyo moto unapata hewa pungufu. Mwali uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na masizi yanajikusanya juu, zima, usioge, ita fundi.

Kuni nazo zina heshima yake, hasa miteremkoni ambako kila mwaka kahawa inapogolewa na matawi ya mgrevilia yanakatwa. Boila la pipa, linalotumika sana kwenye kambi za watalii, ni pipa la lita 200 lililolazwa juu ya meko ya tofali. Kulipandisha kutoka 16 hadi 60 kunahitaji kilo 10 hivi za kuni kavu, kwa sababu robo tu ya joto la kuni ndiyo inayoingia majini. Baridi iingie chini, moto utoke juu, na juu kabisa utoke mfereji wa hewa uliosimama, usio na koki yoyote, ambao mdomo wake unapita usawa wa maji ya tanki linalolisha. Ukiwa mfupi, maji yatamwagika hapo mchana kutwa. Ukizibwa, una bomu uani. Pipa la kawaida la mafuta ni jembamba na linatobolewa na kutu upesi. Chomelesha la bati la milimita 3 ukiweza.

Boila hilo linaweza kulishwa na maji yaliyotoka kwenye hita ya jua, badala ya maji ya baridi. Siku ya wingu jua linapandisha kutoka 15 hadi 24, kuni zinamalizia kazi. Siku ya jua hakuna anayewasha moto, na maji yanapita tu kwenye pipa lililovishwa udongo na majani. Weka koki ya kulikwepa pipa hilo siku za jua kali, la sivyo linapoza maji usiku.

Fundi akimaliza, usimlipe sehemu ya mwisho siku hiyo hiyo. Kesho yake saa 12 asubuhi, kabla mtu yeyote hajaoga, fungua koki ya moto ya bafu la mbali, pima muda mpaka moto ufike, jaza ndoo ya lita 20 na upime muda wake pia, kisha tumbukiza kipimajoto. Kama jana ilikuwa siku ya jua na ndoo inasoma chini ya nyuzi 45, mwite aje na ngazi yake, aanze na mirija, ncha za chini, moja baada ya nyingine.